Niliitikia Amina Harusi ya Mchumba Wangu

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, usihangaike kulitafuta. Mambo yenyewe ni mafupi na yote yananiaibisha.

Naitwa Alexis, fundi cherehani, mtu wa Uvira, Kongo. Kibanda changu kiko Bellevue, hapa Johannesburg. Mchumba wangu Murielle anasuka nywele saluni ya pili kutoka kwangu. Gauni lake la harusi nilikuwa nalishona mwenyewe, na nilikuwa nalishona tangu mwaka juzi. Kila akiuliza nilimjibu bado upindo, bado shanga, njoo kesho. Mafundi mnatujua.

Ndipo akaja Kipkoech. Mkenya, kazi yake benki, anaishi kule mlimani, mtaa wa Observatory, na alileta suruali nimpunguzie miguu. Wakati nampima akanieleza kwamba moyoni yeye si mtu wa benki, ni mtu wa roki. Alikuwa ametunga singo yake ya kwanza, baladi, yaani ile roki ya taratibu ya watu walioachwa. Sasa alitaka kupiga video, na alikuwa anatafuta bibi harusi mwenye gauni lake mwenyewe.

Gauni lilikuwa limening'inia nyuma yangu. Aliyelitaja jina la Murielle ni mimi. Hakuna mtu aliyenishikia kisu.

Na gauni lililonishinda muda wote huo nikalimaliza wiki ile ile, upindo na shanga, kwa sababu Kipkoech alisema wanapiga picha Jumamosi.

Wimbo unaitwa "Nimekwama Robot". Robot ndilo jina la taa za barabarani huku kwetu. Mwanaume amesimama kwenye robot, taa nyekundu, mpenzi wake ameshavuka, naye anaota amemuoa. Hiyo ndoto ndiyo iliyohitaji harusi. Pasta Gustave akatupa kanisa letu la Turffontein, korali ikavaa sare, waumini wakaja wamepiga pasi kwa sababu waliambiwa wataonekana mpaka Kongo. Kipkoech akawa bwana harusi. Murielle akawa bibi harusi. Mimi nikapewa kiti mstari wa pili, niigize mtu mwenye furaha.

Nikaitikia Amina. Wiki jana tuliishia hapo.

Basi video ikatoka.

Sikutegemea kitu. Niliwahi kuusikia wimbo Kipkoech akiupiga kibandani kwangu, na gitaa lililia kama cherehani iliyokosa mafuta. Lakini watu hawana simile. Saluni zote za Bellevue ziliuweka. Wanawake walisukwa huku wanalia. Vijana wa korali waliokuwa wanasema roki ni ya shetani, walianza kuimba kile kibwagizo wakipanga viti: "Robot imewaka nyekundu, nimekwama, wewe umevuka, mimi nimesimama."

Pale walipofika kwenye harusi, wengi walirudisha nyuma waangalie tena. Gauni lilitokea vizuri, lazima niseme. Lile joho la nyuma linaloburuzwa lilikaa sawa kabisa, halikukunjamana hata kidogo.

Kisha Murielle akaanza kuitwa Madame Kipkoech. Kwanza saluni, kwa utani. Halafu dukani, kwenye spaza ya kona, bila utani. Mwenye duka akanipa mkate akaniuliza shemeji Mkenya hajambo. Nikasema hajambo. Ningesema nini?

Mama yangu akapiga simu kutoka Uvira. Alikuwa ameiona video kwa jirani, na alikuwa ameshaikubali hali. Alinipa pole. Alisema yule bwana ni mrefu na amevaa vizuri, na kwamba nisishindane na Mungu.

"Usiumize roho, mwanangu," akaniambia. "Banamuke bako bengi." Yaani wanawake ni wengi.

Nikamweleza kwamba ni maigizo. Akasema ndiyo, ndiyo, akaniambia nile vizuri.

Nilicheka, jamani. Nilidhani ni mambo ya kuchekesha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sisi tulikuwa tumepanga kufunga ndoa Desemba, mwaka huo wa 2017. Kanisani kwetu ndoa lazima itangazwe Jumapili kadhaa mbele ya watu, ili mwenye neno aseme mapema. Kwa hiyo nikaenda kwa Pasta Gustave kuomba aanze kutangaza. Nilimkuta anafuta mimbari kwa kitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa.

"Unataka nitangaze ndoa ya nani?"

"Yangu na Murielle, Pasta."

"Murielle mke wa Kipkoech?"

Nikacheka. Pasta hakucheka. Nikaacha.

Alianza polepole, kama anavyofundisha wanaojiandaa kubatizwa. Alisema siku ile, yule dada Mkenya aliyeshika kamera, Shiko, alimwomba aigize kufungisha ndoa. Naye alimjibu mbele yetu sote kwamba kuigiza hajui, anachojua ni kufungisha. Shiko akasema sawa, fanya hivyo hivyo unavyojua. Akafanya. Aliamka amefunga kula, akawapaka mafuta, akawawekea mikono, akalisoma Neno lote bila kuruka mstari. Shiko alimwomba afupishe, akakataa.

Nikamwambia Pasta, lakini ile ilikuwa video.

Akaniangalia kwa huruma. Akanikumbusha kwamba mwaka jana nilisimama mbele ya kanisa hili hili nikashuhudia kwamba mgongo wangu, ambao ulinisumbua kwa kuinamia cherehani, ulipona baada ya kuangalia maombi yake kwenye simu.

"Video iliponya mgongo," akasema. "Sasa imeshindwa kufunga ndoa?"

Mgongo kweli ulipona.

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema wale wawili hawapendani, hawana nia, mahari haijatolewa. Pasta akasema mambo ya mahari ni ya familia, yeye anasimamia madhabahu. Kisha akauliza swali ambalo ningefurahi kama angelisahau.

"Niliuliza kama kuna mwenye kipingamizi. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mstari wa pili."

"Ulisema nini?"

"Nilisema Amina."

"Ulisema mara ngapi?"

Hapa lazima nieleze. Shiko alituambia Amina yetu ilikuwa dhaifu, haikuingia vizuri kwenye mashine. Tukarudia. Mara ya pili mtoto wa mtu alikohoa. Tukarudia tena. Kila mara Pasta aliuliza upya, kila mara sisi tuliitikia upya, na kwa kuwa mimi nilitaka kazi iishe twende tukale, mara ya mwisho niliitikia kuliko wote. Kwenye video inasikika. Ukitega sikio baada ya ngoma kunyamaza, ile sauti ya juu ni yangu.

"Mara tatu," nikasema.

"Nimewafungisha mara tatu," akasema Pasta Gustave, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Sijawahi kufungisha watu mara tatu. Ile ndoa imekaza."

Nilijipalia makaa mwenyewe, nikapuliza.

Lakini Pasta si mtu mbaya. Akasema kilichofungwa mbele ya kanisa kinafunguliwa mbele ya kanisa. Jumapili, Kipkoech aje asimame, aseme kwa mdomo wake kwamba hakuwa na nia. Murielle naye aseme vivyo hivyo. Waumini wakishuhudia, yeye ataomba, na wiki inayofuata ataanza kututangaza.

Nikamshukuru sana. Nikamwambia nami nitasimama, niseme kwamba napinga ile ndoa.

Akanyanyua mkono. Mimi nisithubutu, alisema. Mtu aliyeitikia Amina, kisha akapinga, huyo amesema uongo mbele ya madhabahu. Huyo anatengwa mwaka mzima. Hali meza ya Bwana, hashiki maiki, na ndoa hafungishwi.

"Wewe kazi yako Jumapili ni kukaa kimya," akasema. "Unaiweza."

Nikaondoka nimejaa matumaini. Watu wawili waseme neno moja moja, basi. Nikapanda mpaka Observatory.

Kipkoech alinikaribisha vizuri, kama kawaida yake. Alinikorogea chai ya maziwa, ile ya kwao, nzito. Nikamweleza kila kitu, mafuta, mikono, Amina tatu. Alisikiliza akiwa amelishika gitaa lake mapajani. Nilifikiri atacheka, au atakasirika, au atasema wimbo unapendwa kwa sababu watu wanaamini harusi ni ya kweli, kwa hiyo hawezi kuwaharibia.

"Hiyo haina noma, fundi," akasema. "Nitakuja nisimame niseme tulikuwa tunaigiza."

Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza njia nzima, na maneno yangu yote yakabaki mdomoni. Nikanywa chai.

Nilipokuwa nafunga viatu mlangoni akaniuliza Murielle anasemaje.

Nikamwambia Murielle atasema hivyo hivyo.

"Umemwuliza?"

Nikasema si lazima. Murielle ni wangu. Kipkoech akakaza uzi mmoja wa gitaa, akaupiga, akaukaza tena, akaniambia sharp, yaani sawa, tuonane Jumapili.

Sikulipenda lile swali. Nililibeba kuteremka mlima wote. Mtu akikuuliza kitu ambacho ulitakiwa uwe umekifanya, inauma zaidi ya kutukanwa.

Nikaenda saluni moja kwa moja. Murielle alikuwa anamsuka mteja, vidole vinakwenda vyenyewe, na midomo yake inatembea. Nikasogea. Alikuwa anaimba kile kibwagizo, kwa sauti ndogo. Si ajabu, hata mimi nilikuwa naamka nacho. Lakini nikaona kitu kingine. Ile pete ya video bado ilikuwa kidoleni.

Akasema haitoki. Vidole vya msusi vinavimba, akasema, amejaribu sabuni, imegoma. Nikamwambia nilete mafuta ya cherehani, yale yanalegeza chochote. Akasema niache, isije ikachafua nywele za watu.

Shangazi yake alikuwepo. Mama Clémentine ndiye aliyempokea Murielle alipofika nchi hii, akamlea, akamfundisha kusuka. Kwa hiyo kwake mimi ni mkwe, na huwa namsalimia nikiwa nimeinama kidogo. Siku hiyo alinipokea kwa furaha kubwa. Alikuwa na kitenge kipya mkononi, bado kina karatasi ya duka. Alitaka nimshonee libaya na liputa, ile blauzi ya puto na kitambaa cha kujifunga, haraka iwezekanavyo.

Nikamwuliza shughuli ni ya wapi.

"Ya kwenda kusalimia ukweni," akasema. "Observatory."

Nikamwambia Mama, ile ilikuwa video. Akasema anajua ilikuwa video, ameiangalia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Lakini Pasta amefungisha, kanisa limeshuhudia, na yule kijana ana kiti chake cha kuzunguka kazini. Na tena alilipata gauni kwa wiki moja. Akaniangalia aliposema hilo. Kisha akainua mikono nimpime.

Nikampima. Kazi ni kazi.

Nilipomaliza nikamvuta Murielle kando, pale kwenye mashine za kukaushia. Nikamweleza habari ya Jumapili. Asimame, aseme alikuwa anaigiza, mambo yaishe, Desemba tufunge ndoa yetu.

Alikuwa anafuta mafuta ya nywele mikononi, kidole kimoja kimoja, akiizunguka ile pete.

"Jumapili nitasema kilichotokea," akasema.

Nikamwambia vizuri sana. Nikarudi kibandani nikapiga mluzi. Naapa mbele yenu wasomaji, nilipiga mluzi.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku ya video. Habari zilikuwa zimetembea. Kipkoech alikuja peke yake, hana gitaa, amevaa ile suruali niliyompunguzia, akakaa upande wa kina mama kwa sababu hajui taratibu zetu. Mama Clémentine alikuwa amevaa kitenge. Ndiyo, nilikimaliza. Mimi nilikaa mstari wa pili, kiti kile kile, nikaweka mikono mapajani nikaanza kazi yangu ya kukaa kimya.

Baada ya sadaka Pasta Gustave akawaita mbele. Akalieleza kanisa jambo lenyewe, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku. Akamgeukia Kipkoech.

Kipkoech akasafisha koo. Akasema anaomba radhi, hakukusudia kuleta shida kwenye nyumba ya Mungu. Akasema siku ile alikuwa anaigiza. Alisema wazi, watu wa nyuma kabisa walisikia. Kisha akarudi akakaa.

Nilihisi kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Nusu ya safari ilikuwa imeisha, na ilikuwa ile nusu ngumu.

"Na wewe, dada," akasema Pasta. "Ulikuwa unaigiza?"

Murielle alikuwa amevaa sketi yake ya bluu, ile ambayo ndiyo nguo ya kwanza niliyomshonea, na ambayo nayo niliichelewesha.

"Hapana, Pasta," akasema. "Mimi sikuigiza."

Kanisa likaitikia Amina kwa mazoea. Ndipo likatambua limeitikia nini.

"Uliuliza kama kuna mwenye kipingamizi," Murielle akaendelea. Hakupandisha sauti. "Uliuliza mara tatu. Mara zote tatu niliangalia mstari wa pili. Nikasema moyoni, akisimama, hata kama ni kuharibu video ya watu, nitajua huyu mtu ananitaka. Nilikuwa nimevaa gauni lililomalizwa kwa ajili ya wimbo wa mtu mwingine. Nikasubiri asimame. Akaitikia Amina. Na kila ikirudiwa, aliongeza sauti."

Hakuna aliyenigeukia. Ningependa wangenigeukia. Waliangalia sakafu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Niliumia, ndugu zangu. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti nikifikiria chakula, na yeye amesimama pale na shanga zangu kifuani, ananisubiri.

Kisha Murielle akaishika ile pete. Haikuhitaji sabuni. Haikuhitaji mafuta ya cherehani. Ilitoka kama kitu kilicholegea siku zote, akaiweka juu ya mimbari, mbele ya Pasta.

"Uliza tena," akamwambia. "Leo hakuna kamera."

Pasta Gustave akaniangalia mimi. Nilikumbuka vizuri alichoniambia. Nikisimama, nimekiri uongo mbele ya madhabahu, natengwa mwaka mzima, Desemba imekufa. Nitakuwa nimemwambia Murielle, kwa mara nyingine tena, asubiri. Nikikaa, sitatengwa. Nitabaki muumini mzuri mwenye mgongo mzima, na yeye atatoka kwenye ule mlango akiwa mke wa mtu.

Pasta akauliza kama kuna mwenye kipingamizi. Aliuliza kwa maneno yale yale ya siku ile, polepole, bila kufupisha.

Nikasimama. Kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu nyuma yangu, na sasa ndipo wakanigeukia wote.

Murielle naye akageuka. Lakini kabla macho yake hayajanifikia, kiti kingine kikakwaruza, upande wa kina mama. Kipkoech alikuwa amesimama, mtu aliyetoka kusema sasa hivi kwamba alikuwa anaigiza, na alikuwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

Pasta Gustave akaifunika ile pete kwa kiganja chake. Akatuangalia, yeye, kisha mimi, kisha akamwangalia Murielle, akamwuliza aanze nani.